Namna ya Kuona Maji Yakiingia na Kutoka Katika Seli za Kiazi

Mwili wa mtu mzima una takribani asilimia 60 ya maji, na kiazi mviringo kibichi kina karibu asilimia 80. Wanafunzi wengi huzikariri takwimu hizi bila kufahamu maji hayo yanafanya kazi gani, na kwa hiyo napendekeza jaribio linaloonyesha mojawapo ya kazi zake, yaani kuzifanya seli za mmea zijae na kukakamaa.

Menya kiazi kikubwa, uondoe ganda lote kwa kuwa huzuia maji kupita, kisha ukate vipande sita vyembamba vyenye urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Tia mililita 250 za maji katika kila glasi kati ya glasi mbili, na katika mojawapo ukoroge vijiko viwili vya chai vya chumvi hadi iyeyuke. Tumbukiza vipande vitatu katika kila glasi; kipande kimoja hakitoshi, kwani kosa dogo la kupima laweza kukupotosha. Subiri saa tatu.

Vitoe, uvifute, uvipime tena kwa rula, kisha ukipinde kila kimoja taratibu. Hapa usifanye haraka, maana vidole hutambua tofauti ambayo rula huenda isiioneshe vizuri. Vipande vya maji matupu vitakuwa vigumu na pengine vimerefuka kidogo, ilhali vya maji ya chumvi vitakuwa vimenywea na vitapindika bila kukatika.

Kila seli imezungukwa na utando unaopitisha maji kwa urahisi lakini unaozuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari, na maji huelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Mwendo huo huitwa osmosisi. Katika maji matupu seli hunywa mpaka zikasukuma kuta zake, na msukumo huo ndio unaosimamisha jani na shina changa. Mmea uliokosa maji hunyauka kwa sababu msukumo huo umepungua. Seli za wanyama hazina kuta, hivyo chembe nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu hujaa hadi kupasuka. Ndiyo sababu dripu ya chumvi ya kawaida hutengenezwa kwa gramu 9 za chumvi katika kila lita, kiwango kinacholingana na cha mwilini.

Ukiwa na muda, rudia jaribio kwa vipande vilivyochemshwa na kupoa. Hata vikiwekwa katika maji matupu havitakakamaa, kwa kuwa joto limeharibu tando za seli, na hakuna tena kinachozuia chumvi na sukari za ndani ya seli zisitoke, hivyo maji hayavutwi tena kuingia na kuzijaza.