Kabla ya kutupa mshipi nyuma ya mashua ya tanga: mambo ya kuzingatia

Kumnasa samaki kutoka kwenye mashua ya tanga si kazi ngumu. Mashua inayokwenda noti 5 hadi 7 (yaani maili za baharini kwa saa) kutwa nzima hupita maji mengi, na huo ndio mwendo unaowavutia jodari, sehewa, nguru na dorado. Ugumu huanza akishanasa. Chombo hakina breki, matanga bado yanavuta, sitaha inayumba, na samaki wa kilo 15 anapiga mkia hatua moja kutoka miguuni mwa mtu aliyeshika kisu. Ndiyo maana maandalizi ya kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, yanapaswa kuanzia mwishoni: mashua itapunguzwaje mwendo, nani atashika nini, samaki atalazwa wapi, na nyama yake itakaa kwenye baridi gani. Kama swali mojawapo halina jibu, mshipi ubaki kabatini kwanza.

Sheria nayo itazamwe mapema, mkiwa bado bandarini. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, nchi yenye pwani ina haki juu ya samaki hadi maili 200 za baharini. Ukiwa maili 100 kutoka nchi kavu, huoni hata kivuli cha mlima, bado unavua kwenye maji yenye mwenyewe. Baadhi ya nchi hazidai leseni kwa mvuvi wa kujifurahisha ila zina vipimo vya urefu na idadi. Nyingine hudai kibali cha mtu au cha chombo. Palau ilifunga asilimia 80 ya eneo lake la bahari kuanzia Januari 2020. Kwa hiyo chora mipaka ya hifadhi kwenye ramani ya safari pamoja na njia yenyewe, na uandike mahali ambapo mishipi yote itatolewa majini. Nchi ambayo bado hamjakamilisha taratibu za kuingia, msivue kwenye maji yake ya karibu hata kama wengine wanafanya hivyo.

Sasa vifaa. Ufito wenye rili unafurahisha, lakini kwa chakula cha safarini mshipi wa mkono ni rahisi zaidi na hauharibiki ovyo. Chukua mita 30 hadi 50 za nailoni nene yenye uwezo wa kuhimili kilo 130 hadi 180. Unene huo si kwa ajili ya nguvu peke yake: mshipi mwembamba hukata viganja hata ukiwa na glavu. Mwisho wa mshipi weka kizungusho imara cha chuma kisichoshika kutu, kisha mita 3 hadi 5 za nailoni nyembamba zaidi, ya kilo 60 hadi 80, inayobeba chambo. Sehemu hii ya mbele lazima iwe dhaifu kuliko mshipi wenyewe, nalo ndilo jambo ambalo wengi hulipuuza. Siku sulisuli mkubwa au papa atakapomeza chambo, kitu fulani kitakatika. Ukiwa umepanga, kitakatika karibu na ndoana, na samaki ataondoka na kipande kifupi. Usipopanga, kitang'oka kitu kwenye mashua, au samaki ataburuta makumi ya mita za nailoni mpaka afe.

Waya mbele ya chambo ni suala la kupima. Nguru na mzia wana meno yanayokata nailoni kwa pigo moja, na sentimita 30 hadi 50 za waya hutosha kuwazuia. Lakini jodari ana macho makali, na kwenye maji maangavu mchana hukikwepa chambo chenye waya. Ukiwa mbali na miamba na pwani, nailoni tupu inafaa zaidi. Ukipita kandokando ya mwamba au ukingo wa kina, funga waya.

Upande wa mashua, mshipi hufungwa kwenye kifungio kile cha chuma cha tezini, yaani nyuma ya mashua, kinachotumika kufungia kamba gatini. Kamwe usiufunge kwenye nguzo nyembamba za ukingo, maana hizo hupinda. Kati ya mshipi na kifungio weka kamba ya mpira yenye urefu wa mita 1 hivi. Samaki anapopiga, mpira hunyooka na kumeza ule mshtuko ambao ungerarua mdomo wake au kukata fundo. Sambamba na mpira funga kamba ya kawaida iliyolegea, ndefu kuliko mpira ukiwa umevutika karibu na kikomo chake, ili mpira ukikatika mzigo upokelewe na kamba. Mpira huo huo ndio kengele yako: ukikaa umenyooka na kutetemeka, kuna samaki, ukinyooka kidogo bila kutetemeka, mara nyingi ni mwani.

Ndoana za chuma cha kawaida ni bora kuliko zile zisizoshika kutu, kwa sababu iliyobaki mdomoni mwa samaki aliyekata mshipi huliwa na kutu na kutoka. Pima makali yake kwa kuiburuta taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, inahitaji kunolewa kwa tupa. Ikikwama na kuacha mkwaruzo, iko tayari.

Kuhusu chambo, watu hutumia pesa nyingi bila sababu. Ngisi wa mpira wenye urefu wa sentimita 12 hadi 18, wawili wa rangi nyeusi na zambarau na wawili wa rangi angavu, pamoja na kijiti cha mwerezi chenye kichwa cha madini ya risasi, vinatosha kwa bahari nyingi. Kinachoamua ni mwendo. Chini ya noti 4 ngisi wa mpira huning'inia bila uhai, na hapo inafaa chambo chenye ulimi wa kuzamia kinachoyumba chenyewe. Zaidi ya noti 8 chambo chepesi huruka juu ya maji na kujisokota. Tupa mshipi mmoja mita 20 nyuma na wa pili mita 35, kila mmoja upande wake wa tezi, usigusane na usukani wa upepo (kifaa kinachoongoza mashua kwa nguvu ya upepo) wala jenereta ya kuburutwa majini. Urefu tofauti huzuia misokoto mashua inapogeuka. Kisha sogeza kila chambo mbele au nyuma mpaka kikae kwenye uso wa wimbi la mkondo wa mashua, kikipumua juu na kuzama tena kikiacha mstari wa mapovu. Kikitokeza muda wote, kirefushe au kiongezee uzito mdogo. Kisipoonekana kabisa, kivute karibu.

Saa nzuri ni alfajiri na jioni, na mahali pazuri ni pale kina kinapobadilika ghafla, hasa ukingo ambapo chini huporomoka kutoka mita 200, juu ya vilima vya chini ya bahari, kando ya magogo yanayoelea, na chini ya ndege wanaojirusha majini. Hapo kwenye ndege pana tahadhari: wakianza kuvizia chambo chako, toa mishipi. Ndege aliyenaswa hufunikwa kichwa kwa kitambaa ili atulie, kisha mwiba wa ndoana hubanwa kwa koleo na ndoana kutolewa kule ilikoingilia.

Tuje kwenye zile dakika kumi hivi tangu samaki apige hadi apandishwe, ambazo wote mashuani wanapaswa kuzizungumza kabla mshipi haujagusa maji. Samaki akipiga, asiguse mtu mshipi wake kwanza. Mwenye usukani apunguze mwendo kwa kukunja tanga la mbele au kuelekeza omo, yaani mbele ya mashua, karibu na upepo, huku mwingine akiingiza mshipi wa pili. Lengo ni noti 2 hadi 3, si kusimama kabisa. Mashua ikisimama, mshipi hulegea, ndoana hutoka, au samaki hupita chini ya chombo na kuuzungusha mshipi kwenye usukani. Ikiwa mnakwenda na upepo wa nyuma na spinaka (tanga kubwa jepesi la upepo wa nyuma) iko juu, au tanga la mbele limesimikwa kwa mti, jiulizeni itachukua muda gani kuyashusha. Ikizidi dakika chache, siku hiyo msivue. Injini isiwashwe mpaka kila mshipi uhesabiwe ukiwa sitahani, kwa kuwa nailoni iliyojiviringisha kwenye rafadha huyeyuka na kubana muhuri wa mhimili (kizibo kinachozuia maji kuingia pale mhimili wa rafadha unapotokea nje), na kuikata kunahitaji mtu kupiga mbizi chini ya mashua inayopanda na kushuka na mawimbi.

Anayevuta avae glavu nene, jaketi okozi na mkanda wa usalama uliofungwa kwenye mashua. Avute mkono kwa mkono bila kuuzungusha mshipi kiganjani hata mara moja, na unaoingia uangukie ndani ya ndoo kubwa. Mshipi uliotawanyika miguuni ni mtego: samaki akikimbia mara ya pili, kitanzi hukaza kwenye kifundo cha mguu. Samaki akifika karibu, mtazameni kabla ya kumpandisha. Papa, samaki yeyote mwenye upanga puani, na yeyote anayezidi kilo 20 kwa mashua ya watu wawili, kateni mshipi karibu na ndoana kadiri inavyowezekana bila kumnyanyua. Anayefaa apigwe kulabu nyuma ya kichwa na apandishwe kwa mwendo mmoja, bila kusita ukingoni. Wengi huponyoka hapo hapo ukingoni, wakati mtu anasubiri kujipanga vizuri.

Sitaha imwagiwe maji ya bahari kabla samaki hajapanda. Damu juu ya mbao au fiberi kavu huganda na kuacha doa. Weka kando rungu fupi la mbao, taulo kuukuu la kumfunika macho, na chupa ya kunyunyizia iliyojaa pombe kali. Mnyunyizio wa pombe kwenye matamvua humtuliza samaki haraka, na ni salama zaidi kuliko kupigapiga rungu hewani, hasa kwa dorado, ambaye hurukaruka kuliko wote. Usitumie mpini wa winchi (mashine ya kukazia kamba za matanga) kama rungu. Mpini ukikuponyoka utazama, nawe utauhitaji kwa matanga.

Akishatulia, kata mishipa ya matamvua pande zote mbili na umwinamishe kichwa ndani ya ndoo ya maji ya bahari kwa dakika 5 hadi 10 damu itoke. Kumning'iniza nje ya mashua kunawaita papa. Jodari na jamii yake ndio wanaotaka haraka zaidi. Mwili wa jodari una joto kuliko maji anamoogelea, na mapambano humwongezea. Nyama ikibaki na joto, bakteria hutengeneza histamini, ambayo haitoki kwa kupika wala kugandisha. Mlaji huwa mwekundu usoni, huumwa kichwa, huwashwa mwili na moyo kwenda mbio, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Nyama inayochoma ulimi kama pilipili itupwe. Kwa hiyo friji iwe imepoa hadi nyuzi 4 au chini yake kabla ya kuvua, matumbo yatolewe mara moja, na minofu ikatwe vipande vyembamba vinavyopoa upesi. Dawa za mzio ziwemo kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Mwenye kuvimba koo au kukosa pumzi anahitaji msaada wa daktari kwa redio bila kusubiri.

Samaki wa miamba ya matumbawe katika maji ya joto wana hatari nyingine, sumu ya siguatera, inayotoka kwa viumbe wadogo wanaoota juu ya mwani na matumbawe na kujikusanya katika samaki wakubwa walao wenzao: mzia, chewa wakubwa, mkunga. Haina harufu wala ladha, na moto hauiui. Huleta kuhara, ganzi midomoni, na kitu baridi kuhisiwa kama kinachoma. Ulizeni wavuvi wa mahali husika ni samaki gani hawali na wa upande upi wa mwamba. Bila jibu la uhakika, msile mzia wala chewa mkubwa.

Kiasi nacho kipangwe. Samaki wa kilo 6 hutoa karibu kilo 3 za nyama tupu, yaani milo 15 ya gramu 200. Watu wawili wenye friji ndogo wameshashiba kwa siku kadhaa, basi mishipi itoke majini mpaka akiba iishe. Anayetaka kukausha aandae chumvi ya kutosha na vipande vya unene wa sentimita 1, na asianze siku ya unyevu au mawimbi yanayorusha maji sitahani.

Kwenye sanduku la vifaa kuwe na koleo linaloweza kukata ndoana mnayotumia; lijaribiwe nchi kavu kwa ndoana moja. Ndoana ikizama mwilini mwa mtu, mbali na jicho na mishipa mikubwa, husukumwa mbele mpaka mwiba utokeze, mwiba hukatwa, na shina hurudishwa nyuma. Kidonda kioshwe vizuri, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati kwa kila mmoja mashuani.

Kila saa vuta chambo ukitazame, kwani uzi mmoja wa mwani unatosha kuwafukuza samaki wote. Pitisha vidole kwenye ile nailoni ya mbele. Palipokwaruzika pakatwe na fundo lifungwe upya, likiloweshwa kwa mate kabla ya kukazwa. Giza likiingia mishipi yote iingizwe, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa. Kwa safari ya wiki tatu hadi nne bila bandari, bebeni vyambo 10, ndoana 20, vizungusho 15 na mita 100 za nailoni ya mbele, vyote vikigawanywa katika visanduku viwili vinavyokaa sehemu tofauti za mashua.