Jinsi ya kuandaa mkataba wa makumbusho mawili kumiliki mchoro mmoja

Wamiliki-wenza hawagombani sana kuhusu bei. Wanagombana kuhusu nani alipie sanduku, nani aamue mchoro usafishwe, na hisa ya mwenzao inaenda wapi akifilisika. Anzeni huko.

Hatua ya 1: Someni barua za zawadi, yaani masharti ya aliyetoa mchoro. Mwaka 1949 mchoraji Georgia O'Keeffe alikipa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, mkusanyo wa sanaa wa marehemu mumewe, mpigapicha Alfred Stieglitz, kwa sharti kwamba usiuzwe. Chuo kilipokwama kifedha na kutaka kuuza, kesi iliburuzwa miaka kadhaa. Mwaka 2012 makumbusho ya Crystal Bridges, Arkansas, yalipata nusu ya umiliki kwa dola milioni 30, na mkusanyo sasa huhama kila baada ya miaka miwili.

Hatua ya 2: Chagueni aina ya umiliki. Picha mbili za mchoraji Mholanzi Rembrandt za mwaka 1634, za mume na mke, zilinunuliwa mwaka 2016 kwa euro milioni 160: Uholanzi ilichukua picha ya mume, Maerten, Ufaransa ikachukua ya mke, Oopjen, kwa ahadi kwamba zitaonyeshwa pamoja daima. Njia hiyo inafaa jozi tu. Mchoro mmoja, kama ule wa Mai, kijana wa Polynesia, uliochorwa na Mwingereza Joshua Reynolds, ambao makumbusho ya National Portrait Gallery ya London na Getty ya Los Angeles yaliununua pamoja mwaka 2023 kwa pauni milioni 50, unahitaji hisa katika kitu kizima. Andikeni asilimia, na kifungu kinachomzuia kila mmoja kwenda mahakamani kuomba mchoro uuzwe ili wagawane fedha. Kifungu hicho husahaulika mno.

Hatua ya 3: Pangeni zamu kwa miaka, si kwa miezi. Kila safari ni mtikisiko na mabadiliko ya unyevu. Rangi iliyoanza kuinuka hubanduka njiani, na unyevu ukibadilika, mchoro wa ubao huteseka kuliko wa turubai. Anayepokea alipe usafiri: ni rahisi kusimamia kuliko kugawana risiti. Sanduku likifika, likae saa 24 ndani ya jumba kabla ya kufunguliwa. Kisha wahifadhi wa pande zote mbili waukague mchoro kwa taa inayomulika kutoka ubavuni, wapige picha kingo na kona zote nne, wasaini. Bila picha za kabla ya safari, ufa mpya hauna mwenyewe.

Hatua ya 4: Bima. Kubalianeni thamani na sarafu, na tarehe ya kuipitia upya. Kama upande mmoja unategemea dhamana ya serikali, yaani ahadi ya serikali kulipa hasara badala ya bima, ulizeni kwa maandishi iwapo inalinda pia hisa ya mwenzake wa nje. Fidia ya uharibifu ilipe matengenezo kwanza. Inayobaki igawanywe kwa hisa.

Hatua ya 5: Kusafisha, kuondoa vanishi au kubadili fremu kuhitaji saini mbili. Dharura pekee isisubiri saini.

Hatua ya 6: Mlango wa kutokea. Anayetaka kuuza amuuzie mwenzake kwanza, kwa bei ya wathamini wawili huru. Mpeni mnunuzi miezi 12. Siku 30 ni mtego, maana makumbusho hulazimika kuchangisha. Mwenzenu akiwa wakfu, kagueni katiba yake: baadhi huundwa ili zitumie fedha zote na kufungwa. Tajeni mapema taasisi itakayorithi hisa hiyo.

Namba za orodha za pande zote mbili, maneno ya kibao ukutani na haki za picha viwekwe kwenye kiambatisho, ili kuvibadilisha kusilazimu kufungua mkataba wote.