Kupiga seti ya deep house kwenye kaklabu kadogo

Wadau mnaoanza u-DJ, deep house ni ule mziki wa house wa taratibu wenye besi nzito na kinanda, na hii ni ya chumba cha watu 60 au 80 hivi, kale ambako anayecheza mbele anaweza kukugusa mkono ukiwa kwenye mashine.

Wahi kabla watu hawajaingia. Weka wimbo unaoujua vizuri halafu zunguka chumba kizima, simama kwenye kona usikie besi inavyojazana pale, maana ukisikilizia nyuma ya miksa (mashine ya kuchanganyia nyimbo) tu unadanganyika. Chumba kitupu kinalia ukali, watu wakijaa miili yao inameza zile sauti za juu, so usizipunguze sana saa mbili usiku, utashangaa saa sita mziki umefubaa.

Spidi anza biti 118 kwa dakika, panda taratibu, 122 inatosha kabisa.

Sasa kazi yenyewe ni besi. Besi mbili zikilia pamoja kwenye chumba kidogo ni tope tupu. Ingiza wimbo mpya besi yake ikiwa imekatwa yote, acha makofi na visahani vya dramu vitangulie, hesabu biti 32, kwa spidi ya 120 hizo ni sekunde 16 tu, halafu biti ya kwanza ya fungu linalofuata kata besi ya zamani na ufungue mpya kwa mpigo mmoja, mikono yote miwili. Hili zoezi lifanye nyumbani wiki nzima hata kama unaona umeshaiva. Na nyimbo zenye kii (key, ngazi ya noti za wimbo) zinazogombana usizikutanishe, panga mapema zipi zinaelewana.

Halafu jamani msiharakishe!! Larry Heard, mtayarishaji wa deep house kule Chicago miaka ya 80, alituonyesha kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kinanda zikiachwa zikae zinafanya nini, wewe unaukata wimbo wa dakika 7 dakika ya pili, kinanda hakijaingia hata, umewapa watu nini hapo? Wakianza kufumba macho wanacheza usiguse kitu.

Taa nyekundu kwenye miksa ikiwaka shusha, sauti iliyopasuka inachosha masikio na watu wanatoka nje bila kujua kwa nini.

Ukimkabidhi DJ anayefuata mwachie wimbo wenye dakika 3 hivi zimebaki, mwambie spidi uliyopo na ile kona yenye besi nyingi, chomoa hedfoni zako umpishe.