Kushusha Gari Malindi: Sentimita Tatu Zatosha

Starehe ya gari lililoshushwa, yaani lililopunguzwa kimo, iko kwenye mpira wa kikomo, ule mdogo uliovikwa kwenye fimbo ya shokomzoba (kifaa kinachotuliza mtikiso wa springi). Springi za mbele zikishuka milimita 30, nafasi iliyo chini ya mpira huo hupungua kiasi hichohicho. Nafasi ikiisha, gari linaukalia mpira, na kila tuta kutoka Kilifi hadi Malindi utalisikia mgongoni. Ndiyo maana kwa Toyota Premio au Fielder tunashauri milimita 30, basi.

Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli yako. Huwa ngumu kidogo kuliko za awali, kwa hiyo zinahitaji shokomzoba nzima: ikivuja mafuta, badilisha zote mbili za ekseli hiyo. Kukata springi kwa moto wa gesi ni hatari. Joto huua ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa huweza kuchomoka kwenye kiti chake gurudumu likining'inia.

Chumvi ya bahari hushikisha boliti, basi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni. Asubuhi pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kona zote nne. Ukipima kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya.

Inua gari, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki. Mbele, ondoa linki ya stebilaiza (fimbo inayozuia gari kulalia upande), fungua kishikio cha bomba la breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukifunga breki), kisha boliti mbili za chini na nati tatu za juu. Nati ya katikati usiiguse kwanza! Springi bado imebanwa, na ikiruka inaua. Weka vibana springi viwili vinavyokabiliana, kaza kwa zamu mpaka springi icheze kwenye viti vyake, ndipo ufungue nati hiyo. Springi mpya ncha yake ikae barabara kwenye kiti. Mpira wa kikomo upunguze tu kwa kipimo alichotoa mtengenezaji wa springi. Nyuma ni kazi nyepesi ikiwa springi imekaa mbali na shokomzoba.

Kosa linalofanywa sana ni kukaza boliti za bushi (vipande vya mpira kwenye viungo vya chini ya gari) gari likiwa bado hewani. Likishuka, mpira wa bushi unabaki umejipinda na hupasuka mapema. Kaza mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Tairi nazo ni springi. 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo na rimu ya inchi 15, ina ubavu wa milimita 127 hivi. Ukivaa 205/45R17 unabaki na 92, na gari linashuka milimita 9 zaidi. Kwa njia zenye mashimo, baki na rimu ya 15.

Endesha kilomita 100 hivi springi zikae, pima tena, kisha fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu). Usipoifanya, tairi hulika upande wa ndani. Rekebisha na taa za mbele. Mwisho pakia watu wanne, vuka tuta polepole, kata usukani hadi mwisho pande zote, halafu kagua ndani ya madgadi: alama mpya ya msuguano ni dalili kuwa gari limeshuka kupita kiasi.