Somo: Jinsi ya kulinganisha nakala za dansi la zamani lililorekodiwa ukumbini

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Nina nakala tatu za dansi moja, ipi nzuri?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Naongelea zile kanda ambazo mtu aliingia ukumbini na redio kaseti, akaiweka mezani, akarekodi bendi ikipiga. Kanda ikaazimwa, ikanakiliwa kibandani, nakala nayo ikanakiliwa. Kila mkono iliopitia uliongeza mchakacho na kupunguza ung'avu. Leo mtu ana faili tano za usiku uleule na kila moja inasikika kivyake.

Hatua ya 1: Safisha hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Vumbi la Dodoma mnalijua.

Hatua ya 2: Hamishia kwenye WAV, faili ya sauti isiyobanwa, si MP3. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, tuma kama dokyumenti.

Hatua ya 3: Pembe ya hedi. Kanda ilirekodiwa kwenye mashine nyingine, na hedi yake huenda ilisimama tofauti na ya kwako. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Izungushe taratibu huku kanda inacheza, mpaka matoazi yang'ae. Kabla hujaigusa, weka alama ya rangi ya kucha ili ujue pa kuirudisha.

Hatua ya 4: Spidi. Umeme wetu ni 50 Hz, na vikuza sauti vya bendi huvuma kwa 50 au 100. Fungua faili kwenye Audacity, ile programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, chagua sehemu tulivu kati ya nyimbo, angalia mvumo umesimama wapi. Ukiukuta 51.5 badala ya 50, kanda inakimbia kwa asilimia 3, na mwimbaji amepandishwa karibu nusu ya nusu toni. Punguza spidi kwa asilimia 2.9. Badilisha spidi yenyewe, si tempo peke yake, maana kanda ikikimbia, tempo na sauti ya mwimbaji hupanda pamoja.

Hatua ya 5: Sawazisha ukubwa wa sauti KABLA ya kuhukumu. Hapa someni polepole. Mwaka 2006 nilikuwa na kanda mbili za dansi moja lililopigwa hapahapa mjini: moja ya marehemu mjomba, nyingine ya jirani wa mtaa wa Kikuyu. Ya jirani ilikuwa na sauti kubwa, besi imejaa, nikaiona ndiyo yenyewe. Ya mjomba nikairekodia kwaya juu yake. Baadaye, nilipojifunza kuangalia mawimbi, nikakuta ya jirani vichwa vyote vya mawimbi ya tarumbeta vimekatwa bapa, yaani sauti ilizidi uwezo wa kanda ikaharibika. Ya mjomba ndiyo iliyokuwa kanda mama. Kabla ya wimbo wa pili mjomba alisikika karibu kabisa na maiki akimwambia mhudumu, "Sogeza hicho kiti, bendi siioni," kisha chupa ikagonga glasi. Kwenye ya jirani pale kuna mchakacho tu. Sina sauti nyingine ya mjomba.

Sikio hupenda kilicho kikubwa, hata tofauti ikiwa desibeli 1 tu. Kwa hiyo kata sekunde 30 zilezile kwenye kila nakala, uzilete zote kwenye -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Usisawazishe kwa kilele, yaani pale sauti ilipopanda juu kabisa: kofi moja lililopigwa karibu na maiki linashika kilele, muziki wote unabaki chini. Na usifute wala kurekodia juu ya kanda yoyote, hata ile uliyoikataa.

Hatua ya 6: Mwambie mtu akubonyezee bila wewe kujua ipi ni ipi. Rudia mara 10, andika majibu.

MASWALI

Dogo wa Area D: Mkuu nimepitia juujuu, sikiliza hizi mbili uniambie ipi kali.

Jibu: Hatua ya 5 hujaifanya. Ya pili imezidi ya kwanza kwa desibeli 6. Fanya, kisha rudi.

Mpenda Rumba: Masikio yanatosha, hizi namba ni mbwembwe.

Jibu: Hatua ya 6 yote ni masikio. Niliamini masikio peke yake na nimeeleza nilichopoteza.

Binti Mpwapwa: Samahani kaka, ukumbi aliorekodi baba walitumia jenereta. Hiyo 50 bado inafaa?

Jibu: Umeuliza vizuri dada. Haifai, jenereta hupanda na kushuka mzigo ukibadilika. Lakini kama kwenye kanda hiyohiyo, kwa redio ileile, baba alirekodi pia taarifa ya habari ya BBC, tafuta zile alama za saa, "pi, pi, pi". Zina 1,000 Hz, na mwanzo wa moja hadi mwanzo wa nyingine ni sekunde 1 kamili. Pima hapo. Ukiipata niambie, nitakusaidia hesabu.

Binti Mpwapwa: Ipo, upande B! Nakuja na namba jioni.

Mzee wa Kondoa: Mwanangu, nitajuaje kanda yangu ni ya ukumbini au ilinaswa redioni, RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam)?

Jibu: Shikamoo mzee. Tazama spektramu, ule mchoro unaoonyesha sauti kuanzia nzito hadi nyembamba. Masafa ya kati ya redio hayakupitisha mengi juu ya 5,000 Hz, kwa hiyo utaona pamekatika ghafla kama ukuta. Ya ukumbini hufifia polepole, na makofi yanapanda juu zaidi.

Mzee wa Kondoa: Marahaba. Yangu lakini sauti inakuja na kupotea.

Jibu: Angalia kile kipande cha manyoya kinachosukuma utepe kwenye hedi. Gundi hukauka, kinadondoka. Tafuta kasha la kanda lenye skrubu, hamishia magurudumu yote mawili humo, utepe usijipinde. Usitumie lililogandishwa, utalivunja.