Hesabu saa anazokaa kijana kabla ya kuilaumu simu

Mzazi anayeona kijana wake hainuki kitini huilaumu simu kwanza, ilhali simu ni sehemu tu ya sababu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayoharakisha pumzi, na wapunguze muda wa kukaa, hasa ule wa burudani mbele ya skrini. Lakini takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho cha mazoezi, wasichana wakiwa nyuma ya wavulana.

Chukua karatasi, uandike siku moja ya shule ya kijana wako tangu alfajiri: basi la shule, dawati, masomo ya ziada ya jioni, kisha televisheni. Katika jiji kama Dar es Salaam utakuta saa nyingi za kukaa zimepangwa na sisi watu wazima, na uwanja wa jirani pengine umeshajengwa fremu za maduka. Kwa binti, ongeza hofu ya usalama njiani, inayotufanya tumzuie kutoka, wakati mwingine bila hata kumuuliza.

Anza na saa iliyo rahisi kuivunja: panapo usalama, ashuke kituo kimoja kabla ya nyumbani, anaposoma, asimame anyooshe viungo kila nusu saa, na usiku simu zilale sebuleni, ya mzazi ikiwemo.