Gombe peke yako: gari mpaka Kigoma, baiskeli mpaka Kibirizi, kisha miguu

Habari zenu wanachama. Nilidaiwa somo hili la kwenda peke yako kuona sokwe Hifadhi ya Taifa ya Gombe, tangu niliporudi. Nianze na wale walioniuliza pembeni kama Noah inaingia Gombe: haiingii. Baiskeli nayo haiingii. Hifadhi iko kama kilomita 16 kaskazini mwa Kigoma mjini, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na haina barabara. Safari yenyewe ni ya kuacha vitu njiani: unaacha gari, unaacha baiskeli, boti inakushusha na kuondoka, unabaki na miguu yako. Panga kwa mtindo huo.

Nilitoka Tabora mjini mwezi wa Agosti, mwanamke peke yangu.

Hatua ya 1: Gari

Gari langu la kulala ni Noah niliyong'oa viti vya nyuma, nikaweka chaga ya mbao na godoro la inchi nne. Chini ya chaga kuna dumu la maji, jiko dogo la gesi na unga. Pazia ni khanga. Kupika ni nje tu, na usiku kioo kimoja kiwe wazi kidogo.

Njia ni Urambo, Kaliua, unavuka Malagarasi, unapita Uvinza kwenye chumvi, unaingia Kigoma. Ni kama kilomita 400. Wapo wanaomaliza kwa siku moja, ila mimi niliigawa mara mbili, maana ukiwa peke yako hakuna wa kukupokea usukani. Usilale porini. Omba kuegesha uani kwenye gesti: unalipa kidogo, mlinzi yupo, choo kipo.

Jambo nililopuuza ni mbung'o. Ukishapita Kaliua ni miombo tupu, na mbung'o hukimbilia kitu kinachotembea, halafu wanapenda sana bluu na nyeusi. Noah yangu ni ya bluu. Niliposimama kuchimba dawa nilikuwa nimevaa suruali nyeusi, na zaidi ya hapo sisimulii. Vaeni kaki, vioo juu.

Hatua ya 2: Baiskeli

Kigoma mjini niliegesha kwenye gesti yenye geti, nikamlipa mlinzi siku zote kwa mkupuo, halafu mji wote nikauzunguka kwa baiskeli. Stesheni, soko, mwalo, kote kunafikika, ila vilima vipo, kagua breki kabla hujateremka kuelekea ziwani.

Kabla ya hapo niliipata hasara. Nilikuwa nimeifunga baiskeli juu ya keria ikiwa imesimama, nikapitia kwanza Ujiji kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nikapita chini ya mwembe. Tawi likakamata gurudumu la nyuma. Fundi wa kando ya barabara aliigeuza baiskeli kichwa chini, akalizungusha gurudumu huku ameshika kipande cha chaki karibu na rimu. Chaki ilipoacha alama, ndipo rimu ilipopinda. Akakaza spoku upande mmoja, akalegeza upande wa pili, akazungusha tena, mpaka chaki ikapita bila kugusa. Nusu saa. Jifunze kitu hicho kabla hujasafiri, na baiskeli ilaze, usiisimamishe.

Hatua ya 3: Malipo

Fika ofisi ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) Kigoma mapema, uulize viingilio vya siku hizo, malazi na mwongozaji. Lipa kwa benki au simu ukiwa bado mjini, utunze risiti.

Hatua ya 4: Boti

Una njia mbili. Boti ya kukodi ni ya haraka, lakini kwa mtu mmoja bei inauma, hivyo ulizia ofisini kama kuna wageni wa kuchangia nao. Njia ya pili ni boti za wananchi zinazotoka Kibirizi, kilomita kama tatu kutoka mjini, zikienda vijiji vya kaskazini. Huondoka kuelekea mchana, na za kurudi hupita hifadhini asubuhi na mapema. Maana yake ni usiku mbili: siku ya kwanza unafika jioni, ya pili unapanda mlima, ya tatu unarudi. Jumapili usizitegemee. Jaketi la kuokolea omba kabla hujakaa. Mimi niliyoipanda waliyabana yote chini ya magunia, ikabidi nisimame pale pale mpaka likatolewa moja.

Hatua ya 5: Miguu

Upweke wako unaishia hapa, maana kwa sokwe huendi bila mwongozaji. Utakaa nao saa moja tu, umbali usiopungua mita 10, na barakoa usoni. Ukiwa na mafua usiende, kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa na wanakufa nayo.

Mwongozaji alinionyesha kichuguu chenye vitundu. Kwenye vichuguu kama kile ndipo Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960, alipoona sokwe akichomeka jani la nyasi na kulivua likiwa na mchwa. Msimu wake hasa ni mvua zinapoanza, kwa hiyo mimi wa Agosti niliambulia kichuguu. Ila kiangazi njia hazitelezi, na sokwe niliwapata baada ya kupanda saa moja na nusu.

Maswali ya wanachama

*Dada, hukuogopa? (Mwanachama, Urambo)*
Barabarani niliogopa kidogo, hifadhini hapana. Kila siku nilimtumia mdogo wangu ujumbe nilipo na ninapokwenda. Na giza likiingia, siendeshi.

*Mwanangu, mimi nina miaka 63, magoti yanalalamika. Nitaweza? (Mwanachama, Tabora)*
Shikamoo mama. Milima ya Gombe ni mikali, sikufichi. Mwambie mwongozaji mapema, uchukue fimbo. Siku nyingine sokwe hushuka karibu na ufukwe, lakini hakuna anayeweza kukuahidi. Hata kama hawakushuka, maporomoko ya Kakombe si mbali na kambi.

*Kwa nini si Mahale?*
Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, nayo haina barabara, ni kubwa mara nyingi zaidi, na iko mbali kusini. Kwa mtu mmoja gharama ya boti peke yake inakata tamaa. Anza na Gombe.

*Chakula ulibeba?*
Nilibeba, na nyani wakala mkate wote. Nilifungua mlango kuanika taulo tu. Funga mlango hata kama unatoka hatua mbili.

*Dagaa ulinunua?*
Nilinunua kilo tano nikawafunga mifuko mitatu, nikawaweka chini ya chaga. Godoro linanuka mpaka leo. Beba ndoo yenye mfuniko.